Milimita Mbili

Mke wangu hujua siku niliyocheka
kwa alama ya grisi juu ya mdomo.
Miaka ishirini na sita nafungua matairi
Barabara ya Kumi na Mbili, Ngamiani,
na kila mteja akinichekesha
mkono huu mweusi hupanda wenyewe
kufunika meno.

Chonge la kulia limempanda mwenzake
kama abiria kwenye keria.
Gego la chini nililong'olewa Pongwe, mwaka tisini na moja,
na tabibu mwenye koleo moja kwa kazi zote;
yaliyobaki yakaliinamia pengo
kama majirani kwenye kiwanja kisicho na hati.

Nikaenda. Hamsini na moja nishatimiza, nikaenda.
Shekue, muuza vipuri, alicheka:
"Samaki mkunje angali mbichi, Mhina.
Wewe ushakuwa ng'onda."
Jibu lilinijia usiku, nusura nimpigie simu:
ng'onda hakunjwi, bwana, lakini hulowekwa.

Daktari Zaituni ni mtoto wa juzi,
amesoma mbali, anaongea taratibu.
Akageuza kompyuta nikaona fuvu langu,
la buluu, halina haya,
na kando yake taya la mtu mwingine:
meno yamepangika kama punje za muhindi,
ya juu yakiyafunika ya chini kwa kipimo cha kitabuni.
"Hapa ndipo tungefika," alisema.
Kung'oa manne. Kukata mfupa wa taya, Dar es Salaam.
Miaka mitatu. Na fedha alizotaja
ni baiskeli arobaini, mpya, na kengele zake.

Nikamuuliza: na wewe, ungekuwa na mdomo huu,
ungefanyaje?
Akanyamaza. Akapitisha kidole kwenye picha,
kwenye ufizi uliorudi nyuma, mfupa uliopungua.
"Mzizi wa mtu mzima," akasema, "ukiuvuta sana
utaukuta mkononi."

Hapo tukaelewana.
Maana mimi ringi lililopiga nane silipigi nyundo.
Nageuza baiskeli matairi juu,
nazungusha, nasikiliza:
kwik, kwik, pale linapogusa breki.
Nakaza njiti moja robo mzunguko, nalegeza ya pili.
Kijana wangu wa kazi anataka linyooke kama rula,
hukaza, hukaza,
mpaka njiti inalia ting
inakatika.
Ringi kuukuu halirudi dukani.
Likipita kati ya breki bila kugusa
mpe mwenyewe, aende Mabokweni akauze maziwa.

Tukapatana, yeye na mimi, kama watu wa mahari:
ya mbele yanyooke. Chonge lishuke.
Pengo la Pongwe libaki, ila majirani wasimame wima.
Taya liachwe na Mungu wake.
Mstari wa kati, ule ushukao chini ya pua,
utakosea milimita mbili, kushoto.
Alizitaja milimita hizo mara tatu
kwa sauti ya mtu anayewaomba radhi walimu wake.
Nikamwambia, mwanangu,
nyumba ninayolala imekosea zaidi ya hapo.

Miezi ishirini na miwili.
Wiki za kwanza nilikunywa uji kama mzazi.
Chungwa la Muheza nililikata kwa kisu, vipande, kwa aibu.
Wateja wakaniita Fundi Njiti.
Kila mwezi anakaza robo,
usiku taya linauma,
nami nikajua maringi yamekuwa yakisema nini.

Sasa nyaya zimetoka.
Umebaki uzi mmoja wa chuma nyuma ya meno, wa maisha,
maana meno, kama wahamaji, hukumbuka kwao.
Nimejitazama kwenye kioo cha pikipiki ya mteja.
Milimita mbili zipo. Naziona.
Siku nyingine zinaniudhi, sitadanganya;
lile taya la buluu hunijia
kama ndugu aliyesomeshwa.

Jana jioni Mwanakombo alinitazama mdomo,
akakuta masharubu safi, mvi tupu.
"Leo kulikoni? Hukucheka?"
Nimecheka, nikamwambia.
Kutwa nzima.